Pedi gani ya gemu ninunue kwa laptopu? (PES na GTA, nipo Unguja)

zenj_striker

Asalaam alaykum jamani. Nna laptopu HP ya zamani kidogo, i5, ram 8, haina kadi ya picha ya maana lakini PES 2017, ile gemu ya mpira, inakwenda vizuri tu, GTA San Andreas ndo usiseme, na hata GTA V inajikokota ukishusha setingi zote chini. Mpaka leo nnacheza kwa kibodi na vidole vishachoka, yaani ukitaka kukimbia, kupiga chenga na kutoa pasi kwa pamoja mikono inapishana kama mtu anasuka ukili, na hii kibodi yangu ukishika vitufe vitatu pamoja cha nne hakisikii kabisa.

Sasa nimeamua kutafuta pedi. Nimezunguka Darajani na Mlandege jioni nzima na kila duka lina lake. Mmoja kanionesha pedi ya waya haina jina, imeandikwa USB tu, akaniambia hii inakubali kila kitu. Mwengine ana za PS4 anaapa ni orijino lakini bei yake mbona rahisi hivyo. Wa tatu ana Xbox 360 nyeupe, used ya Uingereza, bila waya, iko safi utasema haijaguswa, na hiyo ndo roho yangu imeangukia.

Bajeti elfu 80, nikijibana sana laki. Nichukue ya waya au bila waya? Xbox au PlayStation? Na mdogo wangu naye akiona nnayo atataka yake tucheze wawili, kwa hivyo nifikirieni na hilo.

fundi_darajani

Waalaykum salaam. Usitoe pesa kwanza, kaa usikilize jambo moja maana ndo linalowaponza wengi.

Kompyuta ya Windows inaelewana na pedi kwa njia mbili. Ya zamani inaitwa DirectInput, na iliyokuja baadae inaitwa XInput, hii Microsoft waliileta mwaka 2005 wakati Xbox 360 inatoka. Gemu nyingi za kuanzia 2010 kuja huku zimetengenezwa zikitegemea XInput, yaani gemu ikifunguka tu inajua A iko wapi, triga (vile vitufe vya juu vya kuvuta kwa kidole) iko wapi, hupangi kitu. DirectInput yenyewe inatoa namba, kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu, gemu haina habari kama hicho cha tatu ni mraba au duara, ndo unakuta mtu anabonyeza pasi mchezaji anabutua golini kutoka katikati ya kiwanja.

Hiyo pedi isiyo na jina karibu hakika ni DirectInput. PES itaikubali maana kwenye folda ya gemu mna programu ya Settings, unaifungua unapanga vitufe mwenyewe kimoja kimoja. Lakini gemu nyingi mpya zitaipita kama haipo. Kuna dawa yake inaitwa x360ce, inaidanganya gemu ione umechomeka pedi ya Xbox 360, na inafanya kazi kweli, ila ile ya zamani kila gemu sharti uitilie faili zake kwenye folda na ubahatishe toleo la sawasawa. Kama huna subira usiende huko.

Hiyo Xbox 360 nyeupe bila waya WACHA. Tena wacha kabisa. Haina Bluetooth hiyo. Inatumia mawasiliano yake yenyewe na inataka risiva yake ya USB, bila ya risiva ni pambo la kabatini. Na usidanganywe na ule waya wa kuchajia unaoingia kwa mbele, ule ukiuchomeka kwenye laptopu unachaji betri tu, haupitishi habari yoyote, pedi haitoonekana hata ukae mpaka alfajiri. Muuzaji atachomeka, taa itawaka, atakwambia si unaona inafanya kazi. Taa si kitu. Ukikuta Xbox 360 ya waya wake wa asili, hiyo chukua hata usiulize, unachomeka Windows inaijua yenyewe.

Sasa niambie, kati ya PES na GTA unacheza ipi zaidi? Maana jibu linaanzia hapo.

mtoto_wa_michenzani

Chukua ya PS4 ushamaliza. Haya mengine mnamtia kichwa kuuma bure 😂

kaka_wa_sinza

Mkuu mimi nipo Dar, nimecheza PC miaka na miaka, ushauri wangu nenda Xbox tu, iwe ya waya iwe ya Xbox One, sababu ni moja, maumivu hamna. Ukichukua ya PlayStation kila gemu itakuonesha A B X Y wakati mkononi unashika X, duara, mraba na pembetatu, na balaa lenyewe ni hiyo X. Gemu ikisema bonyeza X inamaanisha X ya Xbox ambayo iko kushoto, pale penye mraba, sasa wewe unabonyeza X yako ya chini ambayo kwa gemu ni A. Mtu mgeni anachanganyikiwa wiki nzima.

mtoto_wa_michenzani

Wiki nzima labda wewe. Sisi tumekulia PS2 kwenye maduka ya gemu, vidole vinajua wenyewe vinakwenda wapi. Mraba ni shuti, X pasi, duara krosi, pembetatu ya kupenyeza. Hata skrini hatuangalii imeandika nini.

kaka_wa_sinza

Hiyo ni PES kiongozi. Ingia FIFA duara ndo shuti na mraba ndo krosi, hapo vidole vyako vinavyojua wenyewe vitapiga krosi mbele ya goli tupu 😂😂

mtoto_wa_michenzani

FIFA kuno anacheza nani.

fundi_darajani

Nyote wawili mna haki lakini hamkumjibu kijana. Ngojeni aseme anacheza nini.

zenj_striker

PES ndo kila siku, yaani jioni baada ya magharibi mpaka mama aanze kupiga kelele. GTA ni siku moja moja. Na mie nimezoea mishale, ile ya kuelekeza upande wa kushoto, sizitumii stiki, vile vijiti vya kusukuma kwa gumba, kwa kukimbia, najua mtanicheka.

fundi_darajani

Hakuna wa kukucheka, wachezaji wazuri wa PES wa zamani karibu wote ni watu wa mishale. Na hapo ndo nakwambia, mwenzio wa Michenzani kapatia japo kajibu kwa mkato. Mishale ya pedi ya PS4 ni vitufe vinne vimeachana, kidole gumba kinahisi kila kimoja, na viko juu pahala ambapo gumba linakaa lenyewe. Ya Xbox 360 ni kisahani kimoja kinachoyumba, unataka kwenda juu mchezaji anakwenda juu kulia, kwa mpira ni mateso. Xbox One wakarekebisha ikawa msalaba unaobonyea vizuri, lakini imekaa chini ya stiki, sharti ukunje gumba. Kwa mtu wa stiki Xbox ni raha, kwa mtu wa mishale PS4 ndo yake.

Ila sasa kasoro ya PS4 kwenye kompyuta ni ile niliyosema, kwa asili yake haizungumzi XInput. Njia ni mbili. Ya kwanza Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia gemu, tangu mwisho wa 2016 Steam wanaijua pedi ya PS4, unaingia kwenye setingi za kontrola unaiwasha, na hata gemu ambayo hukuinunua Steam unaweza kuiongeza kwenye orodha yako ukaifungulia kutokea hapo ikapata faida hiyo hiyo. Ya pili ni programu ya bure inaitwa DS4Windows, hii inaigeuza pedi yako ionekane Xbox 360 kwa gemu zote. Kwa laptopu ya ram 8 DS4Windows ni nyepesi, mie ningekwenda nayo. Chagua moja tu lakini, ukiziwasha zote mbili kwa pamoja gemu inaona pedi mbili, ukibonyeza mara moja inahesabu mara mbili, menyu inaruka ruka utadhani ina jini.

mpemba_wa_chake

Ahsanteni kwa darsa hii. Mie nipo Chake Chake, na kuno maduka ya vitu hivi ya kuhesabu, mara nyingi tunaagiza Unguja inakuja na boti mpaka Mkoani. Mashine yangu ni ile ya mezani haina Bluetooth. Je nikichukua hiyo ya PS4 nikatumia waya inatosha au sharti ninunue na kidude cha Bluetooth? Na waya gani? Maana nnayo hapa nyaya za simu chungu nzima.

fundi_darajani

Inatosha yakhe, kwa waya PS4 inafanya kazi sawasawa na inachaji hapo hapo. Kichwa chake ni kile cha simu za zamani, maikro USB, si hizi za Type-C. Type-C ni ya PS5 na Xbox za 2020 kuja huku.

Lakini chungu nzima yako hiyo ichuje. Nyaya nyingi za simu za bei rahisi ndani mna nyuzi mbili tu za umeme, zile mbili za kupitishia data hawakuzitia kabisa wapate faida. Pedi itawaka taa ya kuchaji na kompyuta itakaa kimya. Watu wanarudisha pedi dukani wanasema mbovu kumbe waya. Namna ya kuujua: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo, kama simu inakuuliza unataka kuhamisha mafaili huo mzima, kama inachaji tu bila ya swali uweke pembeni ujaribu mwengine.

Ukitaka Bluetooth siku za mbele, kidude kiwe cha 4.0 au zaidi, na usikichomeke kwenye tundu la USB lenye buluu ndani. Zile ni USB 3.0 na zinarusha kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth inapita, pedi inakatakata. Tia kwenye tundu jeusi, au kwenye waya mfupi wa kurefushia ukilete karibu na mlipokaa.

Kuiunganisha PS4 kwa Bluetooth unashikilia Share na kile kitufe cha PS pamoja mpaka taa ianze kumwekamweka haraka, halafu unaitafuta kwenye kompyuta, inakuja kwa jina la Wireless Controller.

baharia_mstaafu

Mimi ningewaambia vijana waya, waya, waya. Betri inaisha dakika ya 88 mko sare na mwenzako hakubali kusimamisha. Nishaona watu wakikosana kwa hilo, tena ndugu.

kaka_wa_sinza

Betri ya PS4 kweli ni ndogo, mAh 1000 tu. Ya PS5 ni 1560. Xbox ndo anaingia mtu na betri zake mbili za AA, zikiisha unabadilisha unaendelea, nunua zile za kuchaji seti mbili umemaliza, hata umeme ukikata huko kwenu laptopu ina chaji na pedi ina betri.

fundi_darajani

Hilo la AA ni zuri lakini kwetu huku ufuoni lina masharti, hewa ya chumvi inakula zile springi za ndani. Mtu anaacha betri ndani miezi, zinavuja, akifungua anakuta kutu ya kijani. Nnaziona sana hizi. Kama hutumii kwa muda toa betri, na pedi yoyote ile usiiache dirishani.

mama_wa_mbweni

Samahani naingilia mazungumzo ya watu. Mwanangu ana miaka minane na babake kamuahidi pedi ya kompyuta akifanya vizuri skuli, na kafanya vizuri. Mie hata sijui naanzia wapi, haya ya X na nini yamenipita. Mikono yake midogo. Anacheza vigemu vya magari na vile vya kuruka ruka. Sitaki cha bei kubwa maana kitaanguka tu.

fundi_darajani

Hujaingilia kitu dada. Kwa mtoto chukua ya waya, ina mambo machache ya kuharibika na haipotei chini ya kochi. Kuna ya Logitech inaitwa F310, ya siku nyingi, si kubwa mkononi, stiki zake zimekaa sambamba. Nyuma ina kiswichi kidogo kimeandikwa X na D, hiyo ndo zile njia mbili nilizosema juu, gemu mpya unaweka X, ya zamani ikikataa unaweka D. Basi. Waya uupitishe nyuma ya meza usipite njiani, maana pedi nyingi za watoto hazifi kwa kuchezwa, zinakufa kwa mtu kujikwaa kwenye waya.

Na kwa kuwa anacheza magari, ukiwa dukani bonyeza triga za chini zile mbili polepole. Ziwe zinaingia kama pedeli, nusu mpaka mwisho. Zikiwa zinalia tik mara moja kama kitufe, gari litakuwa limesimama au limekanyaga moto wote, hakuna katikati. Pedi ya Nintendo Switch Pro iko hivyo, nzuri kwa mambo mengine lakini triga zake ni vitufe tu, kwa magari haifai.

mama_wa_mbweni

Ahsante sana kaka, hiyo ya kubonyeza nimeielewa. Mungu akuzidishie.

zenj_striker

Mimi nilikuwa nnaelekea kwenye PS4 sasa mnanitisha na ufeki. Huyo muuzaji anaapa kwa Mungu. Nnaijuaje?

fundi_darajani

Kiapo kiache, nenda na laptopu. Tia DS4Windows au Steam kabla hujatoka nyumbani, fika dukani chomeka. Feki nyingi vitufe vinafanya kazi vizuri tu, inapokamatika ni kwenye vitu vya pembeni: ile sehemu ya kugusa pale katikati, na gairo, yaani kifaa cha ndani kinachojua pedi imeinama upande gani. Kwenye Steam unaona kabisa, ukiinamisha pedi pale kwenye skrini inainama. Feki nyengine haina habari. Kisha chomeka spika za masikioni kwenye tundu lake, sikiliza. Ile ya toleo la 2016 pia ina mstari mwembamba wa taa unaoonekana kwa juu kwenye sehemu ya kugusa, ya 2013 haina, lakini taa siku hizi wanaiga na wao.

Ila nikuambie ukweli, feki nzuri inayokubali kila kitufe kwa bei ya feki si dhambi kuinunua. Dhambi ni kuinunua kwa bei ya orijino.

Na used orijino nayo kagua stiki. Bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika joy.cpl, enta, chagua pedi yako, Properties. Utaona alama ya msalaba katikati ya kiboksi. Usiguse kitu. Msalaba ukitulia katikati, vizuri. Ukitetemeka au ukijisogeza wenyewe pembeni, stiki ishaanza kuliwa, irudishe. Halafu zungusha stiki mpaka mwisho pande zote uone inafika kona. Muuzaji akikataa usijaribu na laptopu yako, jibu ushalipata.

kijana_wa_wete

Hapo kwenye stiki kuliwa ndo pana kisa chote wazee, na sioni mtu kaligusa vizuri. Stiki za kawaida, ziwe za Sony ziwe za Microsoft, ndani mna vipande vya kaboni na kimguu cha chuma kinachosugua juu yake kila unapoisogeza. Kinasugua, kinasugua, njia inalika, unga unabaki mle, mwishowe pedi inadhani umesukuma stiki wakati umeiacha. Vumbi linazidisha. Hakuna ya milele katika hizo, hata uipake marashi.

Siku hizi kuna stiki za sumaku, wenyewe wanaziita Hall effect. Sumaku inazunguka na kifaa kinapima nguvu yake bila ya kugusana, kwa hivyo hakuna kinacholika pale. Kampuni za Kichina kama GameSir na 8BitDo wanatia hizo kwenye pedi za bei ya chini, tizama GameSir Nova Lite au 8BitDo Ultimate 2C ile isiyo na waya, zinazungumza XInput moja kwa moja na zina risiva yao ya 2.4 ndani ya boksi, hutaki DS4Windows wala nini. Ajabu ya dunia, pedi ya kampuni kubwa ya bei mara mbili bado inatumia kaboni.

Kama mtu anaweza kuagiza na kungoja, mie naona kununua PS4 used leo ni kununua ugonjwa wa mtu mwengine.

mtoto_wa_michenzani

Kuagiza kunataka subira na bandarini wakikukamata na ushuru bei inakuwa nyengine.

kijana_wa_wete

Kipedi kimoja kwenye begi la mtu anaekuja na ndege nani atakiona. Mwambie jamaa yako aliyekwenda Dubai.

fundi_darajani

Ndugu wa Wete maneno yake ni ya kweli na mie sina ugomvi nayo, ila kijana kasema ni mtu wa mishale, stiki atazigusa GTA tu siku moja moja, hizo za kaboni zitamkalia muda mrefu. Mtu wa stiki mchana na usiku aende kwenye sumaku bila kufikiri. Na kumbuka sumaku inaponya stiki tu, vitufe na mishale vinabaki ni mpira na plastiki kama pedi nyengine, kwa hivyo kabla ya kuagiza angalia mishale yake watu wanaisema vipi.

kaka_wa_sinza

Na mimi niongeze kwa wanaotaka Xbox One used, maana zipo nyingi Kariakoo na najua na huko zinafika. Si zote zina Bluetooth. Tazama plastiki iliyozunguka kile kitufe cha kati chenye alama ya Xbox. Ikiwa imeungana na plastiki ya juu yenye vitufe vya LB na RB, hiyo ni ya zamani ya 2013, haina Bluetooth, utatumia waya au ununue adapta yake. Ikiwa imeungana na uso wa pedi wenyewe, ni ya 2016 kuja huku, ina Bluetooth. Kwa waya zote zinakubali Windows. Sekunde tano tu unajua, usimuulize muuzaji.

ukhty_zenj

Nyie mbona hakuna aliyesema PS3? Ndugu yangu anazo mbili zimekaa tu, nzima.

fundi_darajani

Za PS3 zinawezekana ukhty lakini Windows haizijui, sharti utie draiva ya pembeni (programu ya kuitambulisha pedi kwa Windows) kama DsHidMini, na kichwa cha waya ni mini USB ile nene ya kizamani. Kwa kuwa ni za bure jaribu. Za kununua sishauri.

zenj_striker

Haya jamani nimerudi. Nilikwenda leo na laptopu begani kama mtu anaekwenda mtihani. Yule wa kwanza aliyeapa, nilipofungua laptopu tu akasema hizo zimeisha, ngoja mzigo mpya 😂. Duka jengine pale pale Mlandege, kijana mmoja mtaratibu kanitolea mbili za PS4 used, moja msalaba wa joy.cpl ulikuwa unakwenda juu wenyewe polepole nikamrudishia, ya pili imetulia tuli, gairo inainama, kugusa kunafanya, spika inasikika. Nimeichukua, kwenye bajeti na chenji ya urojo ikabaki. Na mdogo wangu nimemtafutia Xbox 360 ya waya kwa jamaa wa mtaani, kisahani kinayumba kweli kama mlivyosema lakini yeye mtu wa stiki hana habari.

PES tamu vibaya, mishale ya hii kitu sijawahi kuona. Sasa maswali mawili. GTA V iko sawa, lakini San Andreas triga hazitaki kuendesha gari vizuri na kamera inazunguka ovyo. La pili, kwenye PES tukicheza wawili pedi ya dogo ndo inakuwa mchezaji wa kwanza na yangu ya pili, jana ilikuwa kinyume, sielewi inachagua vipi.

fundi_darajani

Mabruki. San Andreas ya kompyuta ni ya 2005, imetengenezwa kabla ya XInput kuenea, kwa hivyo inaelewa DirectInput peke yake na triga inazichanganya. Tafuta mod, yaani nyongeza ya kutia kwenye gemu, inaitwa GInput, ipo kwa ajili ya hizi GTA za zamani, inaifundisha gemu XInput na triga zinakuwa mafuta na breki kama GTA V. Kabla ya kutia nakili folda nzima ya gemu pembeni.

La pedi ya kwanza na ya pili, Windows inagawa nafasi nne za XInput, na kwa kawaida anaetangulia kuchomeka anapata ya kwanza. Funga gemu, chomoa zote, chomeka yako, washa DS4Windows isubiri iione, ndo umchomekee mdogo wako, halafu ufungue PES. Pedi ziwe tayari kabla ya gemu kufunguka, maana gemu nyingi za zamani zinaangalia mara moja tu pale zinapoanza.

zenj_striker

Imekubali! Zote mbili. Ila huyu dogo alikuwa nyuma yangu anasoma hili jibu lako, sasa hivi tunavyozungumza keshachomeka yake mwanzo.